Galoni ya Nani?

Mimi ni mtu ambaye hakuna kitu duniani kinachoweza kunishangaza. Nasema hivyo bila kujisifu, maana hata nikijisifu ninazo sababu. Niliacha shule darasa la tano, na leo nina duka la vifaa vya ujenzi pale Bakoba lenye milango mitatu, nina Fuso mbili, nina mafundi wanaojenga matanki ya maji kuanzia Bukoba mjini mpaka mwisho wa Muleba. Nimeona bei ya kahawa ikipanda asubuhi na kuanguka jioni. Nimeona ndugu wa tumbo moja wakifikishana mahakamani kwa ajili ya mgomba wa mpakani. Nimeona mtu mwenye digrii mbili akishindwa kufunga koki nyumbani kwake, akanipigia simu anahema. Sisi Wahaya nchi nzima inatuita akina nshomile, watu wa kusoma na kutangaza kwamba tumesoma. Basi mimi ni Mhaya ambaye hakusoma, na waliosoma wanakuja kwangu kuchukua saruji kwa mkopo. Mtu kama huyo utamshangaza na nini?

Yuko mmoja aliyeweza. Simtaji jina. Yeye mwenyewe hakupenda litajwe, na mjini hapa hakuna aliyekuwa akilitumia. Tulimwita Mkaguzi, tukamaliza.

Kazi yake ilikuwa vipimo. Mizani za wauza nyama, madebe ya kahawa, pampu za petroli, na makopo ya sisi tuliokuwa tukiuza mafuta ya taa. Amestaafu zamani, anaishi kibanjani kwake upande wa Rubya, katikati ya migomba, lakini mpaka leo ukilitamka neno Mkaguzi mbele ya mzee yeyote wa soko la Bukoba, utamwona anaangalia kwanza mizani yake.

Alikuwa mtu wa kupiga pasi. Suruali yake ilikuwa na mstari ambao ungeweza kukata nao nyanya. Na suruali hiyo hiyo alichuchumaa nayo kwenye matope ya soko, magoti yakafika masikioni, ili jicho lake liwe sawasawa na uso wa mafuta ndani ya silinda yake ya kioo. Hakusoma kipimo akiwa amesimama hata siku moja. Alisema maji yana tabia ya kupanda kidogo kwenye ukingo wa chombo na kubonyea katikati, kwa hiyo anayesoma pembeni anasoma uongo. "Soma tumboni, usisome mabegani," alimwambia kila muuzaji. Wanawake wa maziwa walimwigiza wakichuchumaa, wanakunja uso, wanafumba jicho moja, soko linacheka. Yeye alicheka nao, kisha akawapima.

Mimi alinikuta nikiwa kijana mwembamba mwenye pipa moja na kopo moja. Kopo langu lilikuwa na bonde kidogo chini. Bonde lile sikulitengeneza mimi, nililinunua nalo, ila sikuwa na haraka ya kulinyoosha. Mkaguzi akalishika, akaligeuza, akapitisha kidole gumba ndani.

"Kijana, hili ni la lita ngapi?"

"Lita moja, Mzee."

"Lita ya nani?"

Nikamwambia lita ni lita. Akasema kweli kabisa, lita ni moja dunia nzima, huo ndio uzuri wake, lakini hii niliyoshika mimi ni ya kwangu peke yangu. Akalitoboa kopo kwa patasi mbele ya wateja wangu, akanirudishia kwa mikono miwili, kwa adabu, kama mtu anayerudisha sahani ya jirani. Tangu siku hiyo akaniita Kijana wa Mafuta ya Taa. Nimeota mvi, nimeongeza kitambi, nimemlipia hata mazishi ya ndugu yake, bado ananiita Kijana wa Mafuta ya Taa.

Nilinunua kopo jipya lenye muhuri. Na hapa niseme jambo ambalo wengi hawalijui. Mkaguzi alikuwa na neno lake. Akipima chombo cha mtu akakiona kiko sawa, alisimama, akanyoosha mgongo, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wauza samaki: "Kimetimia." Neno hilo lilikuwa biashara. Mama wa maziwa akishaambiwa kimetimia, wiki nzima foleni iko kwake. Nilisubiri zamu yangu. Akaja, akapima, tone kwa tone, akafuta silinda yake kwa kitambaa, akaniambia, "Endelea." Mara ya pili, "Endelea." Nilipoacha mafuta ya taa nikaanza kuuza rangi, akaja, "Endelea." Nikaanza kuuza dizeli kwa lita, pampu mpya kabisa, "Endelea." Jirani yangu mwenye mkono wa kutetemeka aliambiwa kimetimia. Mimi, endelea. Unaweza kusema ni neno tu. Sawa. Lakini nilikuwa nalitaka, na mimi nikitaka kitu huwa nakipata.

Sasa habari ya galoni.

Kila mtu ana ugonjwa wake. Wa Mkaguzi ulikuwa galoni. Alizichukia kama mtu anavyomchukia shemeji mlevi, yaani kwa kumzungumzia kila siku. Mtu akitamka galoni mahali popote, yeye alikuwa na swali moja: "Galoni ya nani?" Harusini, msemaji wa upande wa bwana harusi alisimama akatangaza kwamba wameleta galoni ishirini za rubisi, pombe yetu ya ndizi. Kutoka kiti cha nyuma ikasikika sauti, taratibu, "Galoni ya nani?" Ukweni wakacheka, halafu wakaacha kucheka, wakataka vyombo viletwe vionekane. Harusi ilisimama mpaka rubisi yote ikahesabiwa kwa lita. Upande wa bwana harusi haujamsamehe.

Ukimpa nafasi, alikueleza. Alichukua mfano wa pipa, lile pipa la chuma la mafuta ambalo kila mtu analijua. Mwingereza akilitazama anasema hili ni la galoni arobaini na nne. Mmarekani akilitazama hilo hilo anasema ni la hamsini na tano. Hakuna aliyeongeza kitu wala aliyepunguza. Galoni ya Mwingereza ni lita nne na nusu na kidogo, ya Mmarekani ni lita tatu na robo tatu na kidogo. Tena hapo ndipo macho yake yalipowaka: ukishuka kwenye aunsi, mambo yanageuka. Aunsi ya maji ya Mmarekani ni kubwa kuliko ya Mwingereza. Galoni ndogo, aunsi kubwa. Kisa ni kwamba Mwingereza anajaza aunsi mia na sitini kwenye galoni yake, Mmarekani anatosheka na mia na ishirini na nane. "Sasa mtu wa namna hiyo," alisema, "kwenye vidogo ni karimu, kwenye vikubwa ni bahili. Utamwitaje?" Watu walisema tutamwita tajiri. Mimi nilisema hizo ni hadithi za nshomile. Galoni niliijua kwa mgongo wangu. Nilibingirisha mapipa tangu sina ndevu, na kila pipa lilikuwa arobaini na nne. Huyo Mmarekani sikuwahi kumwona akibingirisha.

Lakini usidhani lilikuwa jambo la mdomo tu. Vitu vya Wamarekani vinafika kwetu. Vinakuja na mapadre, na watoto wetu walioko huko, na marafiki wa parokia. Mkulima mmoja jirani yake Rubya aliletewa na binti yake chupa ya dawa ya kahawa, imeandikwa weka aunsi mbili kwa galoni. Bomba lake la mgongoni ni la lita kumi na sita. Alizunguka na chupa ile kwa watu wenye vyeti, kila mmoja akampa jibu lake, mwingine akamwambia kifuniko kimoja, mwingine vitatu. Akaenda kwa Mkaguzi. Na mimi nilikuwepo, nilikuwa nimepeleka mabati.

Hakugusa kalamu. Aliuliza kwanza dawa imetoka nchi gani. Akasema basi aunsi ni ya kwao na galoni ni ya kwao, hakuna sababu ya kuzivusha bahari. Aunsi mbili katika mia na ishirini na nane ni sehemu moja ya sitini na nne. Igawe lita kumi na sita kwa sitini na nne. "Robo lita," akasema, "na nyumbani chupa ya robo lita unayo, ioshe." Mkulima akaenda zake. Mkaguzi akaniambia watu wengi wanateseka kwa kubadilisha kitu ambacho hakikuomba kubadilishwa. Nilimwangalia vizuri siku ile. Sikushangaa, nimeshasema hakuna kinachonishangaza, ila nilimwangalia.

Kuna Sista mmoja naye alipika keki kwa maelekezo ya kutoka huko. Vikombe vitatu vya unga, kikombe kimoja cha maziwa. Akatumia kikombe cha bati cha nusu lita kwa unga na kikombe cha chai cha wageni kwa maziwa. Iliyotoka tanurini ungeweza kujengea uzio. Mkaguzi akamwambia kikombe cha Mmarekani hakifiki hata robo lita, ni mililita mia mbili na thelathini na saba, halafu chochote utakachochagua, kichague kimoja. Akamwekea mstari kwenye glasi kwa ncha ya msumari. Kisha akaketi akala ile keki, kipande baada ya kipande, akaimaliza, anatafuna kwa sauti. Nilimuuliza kwa nini anajitesa. Akasema Sista alikuwa anamtazama.

Sasa nisikilize, kwa sababu hapa ndipo mtu huyu anapochanganya.

Nyumbani kwake hakuna kipimo. Ukifika, kwanza unapewa akamwani, zile kahawa za kutafuna, anakuchotea kiganja kizima kana kwamba unakwenda safari ya siku tatu. Rubisi anakumiminia mpaka inakulowesha vidole. Sukari kwenye chai anaweka bila kuangalia. Mke wake, mama mpole mwenye maneno machache, alikuwa akinilalamikia, "Bojo, nihurumie, huyu mwanaume sokoni anagombana na watu kwa ajili ya tone, hapa kwangu kilo ya sukari haimalizi wiki." Mkaguzi alijifanya hasikii.

Na msimu wa senene ndio ilikuwa aibu kabisa. Senene, panzi wetu wa kuliwa, sokoni wanauzwa kwa kikombe. Mkaguzi alipita kwa sare yake, akawapima akina mama vikombe vyao, akawaambia kimetimia. Jioni alirudi kwa shati la kawaida, kama mteja, na hapo hakukubali kikombe kilichosawazishwa. Alitaka kilima. Anasimama, ananyoosha mkono, anasubiri nyongeza, na akina mama wanamwongezea mpaka senene wanamwagika mezani, na hao waliomwagika pia anawaokota. Nilimwambia mbele ya watu kwamba yeye ni mnafiki. Alitafakari kidogo. Akasema, "Kipimo ni cha serikali. Kilima ni cha mtu mwenyewe." Nikamwambia kwenye duka langu hakuna kilima. Mtu akilipia kilo ya misumari anapata kilo ya misumari, mzani ukipita kidogo natoa msumari mmoja. Ndivyo nilivyopata milango mitatu. Akasema anajua.

Alikuwa na makosa yake mengine. Alichelewa kila mahali, mtu wa vipimo ambaye hakuwahi kupima saa. Akipewa nafasi ya kusema neno moja msibani, chakula kilipoa. Aliapa kwamba galoni itakufa kabla yake, kwamba hata Wamarekani watachoka na kuomba radhi, na mpaka leo anauliza kila anayetoka huko kama habari imetoka. Na alikuwa mwoga wa ziwa. Amezaliwa anapoliona kila asubuhi, hajawahi kupanda hata mtumbwi. Alisema ni maji mengi mno yasiyo na chombo.

Basi, tuje kwenye tanki.

Upande wa Kimwani kuna zahanati moja ya masista. Marafiki zao wa kanisa fulani Marekani walichanga ili wajengewe tanki la kuvuna mvua. Kazi nikaipata mimi, kwa sababu nani mwingine angeipata. Bei ilikuwa ya jumla, tumekubaliana, tumesaini, ujenge ukabidhi. Mchoro uliandikwa galoni elfu kumi. Nikapiga hesabu kichwani mara nne na nusu na kidogo, nikapata lita elfu arobaini na tano na ushee. Nikawa nimeshapanga faida yangu yote: nibadilishe injini ya Fuso ndogo. Ilikuwa imeshaanza kutoa moshi mweusi na dereva ananisema vibaya kwa watu.

Mimi kujenga najua, ila duara linanisumbua. Kwa hiyo nikapita kwa Mkaguzi nimwonyeshe vipimo: upana mita tano, maji yasimame mita mbili na sentimita thelathini na mbili. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Alipiga hesabu kwa chaki sakafuni, tarakimu kubwa kama za kufundishia watoto.

"Lita elfu arobaini na tano na mia tano na kitu," akasema. "Na wao wanataka nini?"

"Galoni elfu kumi."

"Galoni ya nani?"

Nikacheka. Kwa Mkaguzi swali hilo lilikuwa kama mtu mwingine anavyokohoa. Nikamwambia, "Mzee, galoni ni galoni. Pipa arobaini na nne. Wewe niambie tu kama lita zangu ziko sawa."

Akatafuna akamwani yake. Akauliza fedha ni za nani, nikamwambia za Wamarekani. Akauliza maji ni ya nani, nikamwambia ya wagonjwa na wazazi wanaokuja kujifungua. Akauliza mvua ikikatika wale watu wanachota wapi. Nikamwambia wanashuka bondeni, zahanati na kijiji kizima, kisima kimoja, na kurudi ni kupanda. Akafuta chaki vidoleni, kimoja kimoja.

"Lita zako ziko sawa," akasema. "Endelea."

Nikaendelea. Nikajenga tanki ambalo ukiligonga linakuitikia. Mawe mazuri, saruji sikuibania hata ilipoanza kula fedha ya injini, ndani limelainishwa kama sahani. Siku ya kukabidhi wakaja wazee wa kijiji, kwaya, paroko, na Mmarekani mmoja mrefu mwenye kofia ya majani na futi ya chuma mfukoni. Ikasemekana kwamba yeye huko kwao ni mhandisi. Akaingia ndani ya tanki kabla halijajazwa, akapima upana, akapima kimo, akabonyeza simu. Akatoka amefungua mdomo. Akaanza kusema haraka haraka na Sista mkuu wa zahanati, na Sista akaanza kunitazama kwa namna ambayo sijawahi kutazamwa na sista.

"Anasema umejenga galoni elfu kumi na mbili."

"Mwambie ni elfu kumi, kama karatasi inavyosema."

Wakarudi kwenye Kiingereza chao. Nikasikia ikitajwa lita. Nikasikia ikitajwa tatu. Na hapo, kabla Sista hajafungua mdomo tena, nikaliona lile pipa. Nililiona wazi, limesimama kwenye majani pale pale, pipa moja, na watu wawili wanalitazama, Mwingereza na Mmarekani.

"Anasema kwao galoni ni lita tatu na robo tatu na kidogo. Anasema umewaongezea galoni elfu mbili nzima na hukudai hata senti. Hajawahi kuona mkandarasi wa namna hii. Anauliza kama utakubali awatangazie watu zawadi yako."

Sasa wewe unayesoma, niambie. Kwaya imesimama. Paroko anatabasamu. Akina mama wameshaanza kujipanga kwa vigelegele. Mtu wa hadhi yangu ungetaka aseme nini? Nilivuta shati nikasema, "Mwambie karibu." Wakapiga vigelegele mpaka ndege wakatoka mitini. Mimi nikapunga mkono, na kila nikipunga nauona moshi mweusi wa Fuso.

Sikwenda nyumbani. Nilinyoosha mpaka kwa Mkaguzi. Nilimkuta barazani peke yake. Macho yalikuwa yamekwenda zaidi. Aligeuza sikio badala ya uso.

"Kijana wa Mafuta ya Taa," akasema. "Mlango wa gari umeufunga kwa hasira."

Sikumwamkia. Nilisema, "Ulijua."

"Nilikuuliza."

"Uliuliza kama unavyomuuliza kila mtu."

"Na wewe ulijibu kama unavyomjibu kila mtu."

Nikamwambia maneno mengi ambayo sitayaandika. Nikamwambia Mkaguzi mzima, uliyetoboa kopo langu kwa ajili ya bonde la ukubwa wa jicho la kuku, unaacha tanki lisilo sahihi lipite. Alinisikiliza mpaka pumzi ikaniishia. Ndipo akasema sheria aliyoitumikia maisha yake yote inamshika anayepunguza. Anayezidisha haina habari naye. Nikakaa chini. Akanyoosha mkono, akatafuta kikapu cha akamwani, akanichotea kiganja kizima kama kawaida.

"Baada ya lile kopo la kwanza," akasema, "vipimo vyako vyote vilikuwa sawa. Nimekagua soko lile lote, hakuna aliyekuwa sawa kama wewe. Tone halipungui, tone halizidi. Ukitoa msumari kwenye mzani nilikuwa naona. Nikikuambia kimetimia ningekuwa nimesema nini ambacho mzani haukusema?"

Nikatia kahawa moja mdomoni.

"Yule jirani yako wa mkono wa kutetemeka alikuwa akimwaga juu ya kipimo kila siku, akiogopa kupunja. Nikaona nikiacha hii ipite, utaongeza mara moja. Hata kama ni kwa kutojua."

"Umeninyima injini ya Fuso."

"Wewe utainunua. Nakujua."

Hilo ni kweli. Halafu nikamuuliza lile neno. Nilimuuliza kama mzaha, lakini yeye kusikia alisikia vizuri.

"Kwa hiyo Mzee, lile tanki, kimetimia?"

Akaweka mkono juu ya kikapu, akahisi zilizobaki.

"Kimezidi," akasema.

Sikuwahi kumsikia akilitamka neno hilo kwa chombo cha mtu yeyote. Na nakiri, hapo nilishangaa. Nilikaa pale na kahawa mkononi, mtu mzima mwenye milango mitatu, nashangaa.

Kabla sijaondoka akaniuliza swali jingine. Wamarekani wamelipia galoni elfu kumi, hizo watazipata. Elfu mbili za juu ni za nani? Nikasema za zahanati. Akatikisa kichwa. Akasema zahanati haikuziomba na Wamarekani hawakuzilipia. Akataka chaki. Akaandika kwa kupapasa, tarakimu zimepandana, akanipa kimo: maji ya waliolipia yanaishia mita moja na sentimita tisini na tatu kutoka chini. Toboa hapo, akasema, toa bomba, lipeleke nje ya uzio. Maji yakiwa juu ya tundu, kijiji kinachota. Yakifika kwenye tundu, koki ya nje inakauka yenyewe, na zahanati inabaki na haki yake bila mtu kugombana na mtu. Nyongeza inajipima.

Nilimwambia kutoboa tanki langu jipya ni wazimu. Wiki iliyofuata nikaenda na mafundi nikalitoboa. Koki iko nje ya uzio, upande wa barabara, ya shaba, si ya plastiki. Juu yake nimeandikisha jina langu kwa rangi nyekundu, watu wasije wakadhani hiyo nayo imetoka Marekani. Mvua za kwanza ziliponyesha tanki likajaa, nikapita makusudi na Fuso, moshi wake na kila kitu, nikaona foleni ya ndoo. Mama mmoja, hata hanijui, aliniambia nisimame nyuma ya wenzangu.

Msimu wa senene ulipofika nilikwenda sokoni mwenyewe, nikanunua kikombe, nikakataa kisawazishwe. Nikampelekea Mkaguzi kikombe kimeshikiliwa kwa mikono miwili nisimwage. Hakuweza kuona. Akashusha kiganja taratibu kutoka juu, kikagusa kilima, kikakifuata mpaka chini kwenye ukingo, akakohoa, akasema, "Endelea."

Kilichonitoka mfukoni kwa ziada ya tanki lile, kutoboa, bomba, koki ya shaba, rangi nyekundu, na kikombe kimoja cha senene: shilingi milioni mbili, laki mbili, elfu ishirini na sita na mia tano.